Paka Wetu, Mtoto Wangu na Watu wa Maombi

Mara ya kwanza mchungaji alipomsukuma binti yangu kwenye paji la uso, mtoto alirudi nyuma hatua moja akasimama. Hakuanguka. Ana miaka sita, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kanisani kwetu ukisukumwa paji la uso unatakiwa uanguke. Sisi wakubwa tunajua. Tunaanguka vizuri, wanaume wawili wako nyuma kutudaka na mama mmoja ana kitenge cha kutufunika miguu. Yeye alifikiri amesimama mahali pabaya. Akasogea pembeni kidogo, kwa adabu, ili mchungaji apite.

"Anapinga!" mchungaji akasema kwenye maikrofoni. "Mmeona? Anapinga!"

Kanisa zima likajibu, "Moto!"

Mimi nilikuwa kwenye kwaya, wa tatu kutoka mwisho, nimevaa sare. Ilikuwa Jumapili ya kuwaombea watoto kabla shule hazijafunguliwa. Waliitwa mbele, wakapanga mstari, kila mmoja akaulizwa anasoma darasa gani akapakwa mafuta; wawili wakaambiwa wasimame pembeni, watabaki. Ilipofika zamu ya wangu, mchungaji hakumuuliza darasa. Alichuchumaa akamuuliza, "Ule paka wenu, anasemaka na weye?"

"Ndiyo," mtoto akajibu.

"Anasema nini?"

"Anasema ana njaa."

Kuna waliocheka. Kuna mwenye paka asiyejua hayo? Lakini akina mama wa maombi, wale wanaokaa mstari wa mbele na vilemba vyeupe, waliruka kama wamemwagiwa maji ya moto.

"Anakuambia wapi?"

"Kitandani."

Hapo ndipo alipomsukuma. Mara ya pili mtoto akanitafuta kwa macho. Mara ya tatu mchungaji alitumia mikono miwili, na binti yangu akaangukia kona ya spika. Mdomo ukapasuka. Nikaona damu kwenye kola nyeupe niliyoipiga pasi asubuhi ile, na bado, nasema ukweli, bado nilikuwa nimesimama mahali pangu na kitabu cha nyimbo mkononi. Mwili ulikataa kuelewa. Mchungaji ndiye aliyenizindua, aliposema, "Huyu atabaki hapa kuanzia Jumanne. Siku tatu. Bila chakula, bila maji. Mpaka yule aliye ndani yake atoke."

Nilishuka. Sijui kitabu nilikitupa wapi. Nilimnyanyua mtoto kutoka sakafuni, na kwa mkono ulio wazi nikachukua maikrofoni kwa mchungaji. Hakuamini, ndiyo maana aliiachia. Nikasema, "Mtoto wangu hana pepo. Ana njaa. Ibada imeanza saa mbili na sasa ni saa saba."

Wakazima maikrofoni. Nikaendelea kwa sauti yangu mwenyewe. Siku hiyo walisikia hata wale wa gereji ya ng'ambo ya barabara. Sitaandika yote niliyosema, mengine si ya kanisani.

Nisidanganye, watu wale walikuwa wamenifanyia wema. Tulipofika Kampala kutoka Kivu, mimi na mimba na mume mwenye hasira, hatukujua mtu. Kanisa lilitupa godoro, sufuria mbili, watu wa kutusalimia kwa lugha yetu, na baadaye likatufungisha ndoa. Nilijifungua mikononi mwa mama mmoja wa kanisa. Mume wangu aliponivunja kidole cha pili, niliwaendea hao hao. Mchungaji alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mabega, akasema nirudi nyumbani nikampikie. Nilirudi. Nilipika. Mwaka uliofuata nilimfungia mlango na nguo zake nikaziweka nje kwenye beseni, na tangu siku hiyo nikawa mwanamke asiye na kichwa. Ndivyo wanavyotuita: mume ni kichwa, sasa wewe huna. Mimi nina kichwa. Ndicho ninachobebea mzigo.

Paka aliingia kwetu kwa sababu ya kazi, si kwa sababu ya mapenzi. Nauza mukene, wale samaki wadogo wa kukaushwa wanaofanana na sambaza wa kwetu. Nawafuata kwa wavuvi wa Ggaba asubuhi na kuwauza Kisugu kwa vikombe, mbele ya chumba ninachopanga. Chumba ni kimoja: kitanda, jiko, mtoto na magunia, vyote humo. Panya walikuwa wanatoboa gunia, wanakula, halafu wanajisaidia juu ya wanaobaki. Mteja akiona kinyesi cha panya harudi. Nikachukua paka dume wa rangi ya chungwa, mwembamba, sikio moja limepasuka. Kwa wiki mbili tu panya wakahama. Hatukumpa jina, tulimwita Paka. Alilala juu ya gunia kama askari wa benki, na gunia halikutoboka tena.

Mtoto ndiye aliyempenda. Alimsomea daftari lake la herufi. Mimi nilianza kumzoea bila kujua. Nikapata mazoea ya kumwambia, "Nimerudi," nikifungua mlango. Mwanamke anayefanya kazi peke yake anahitaji wa kumwambia amerudi.

Hilo ndilo lililowashinda wenzangu. Mtu maskini akiwa na paka wa panya, sawa. Mwanamke aliyeachika, mwenye paka dume anayelala miguuni pake na anazungumza naye, hiyo ni habari nyingine. Walianza kwa kunong'ona, halafu wakanitembelea. Walikuja watatu, mbele yao mkubwa wa mama wa maombi, mwanamke mnene mwenye sauti tamu ambaye ndiye aliyenizalisha. Walikataa soda. Walikataa hata kukaa kitandani.

"Mama," akaniambia, "ile paka si paka. Ni mume wa usiku. Anakulala. Njo maana hauna bwana."

Nilidhani anatania. Nilisubiri acheke.

"Mume wa usiku?" nikamuuliza.

"Ndiyo. Anakuja na sura ya nyama. Anakula chakula yako, analala ku kitanda yako, anafukuza wanaume wazuri."

"Analala mchana kutwa, anakula samaki wangu, haleti kitu nyumbani, na nikichelewa ananinunia?"

"Njo huyo! Umemujua!"

"Namjua vizuri," nikasema. "Nilifunga naye ndoa kanisani kwenu, na mkatupigia vigelegele."

Wawili wale wengine waliuma midomo wasicheke. Yeye hakucheka. Aliangalia kitandani, mtoto wangu alikuwa amekaa hapo anamchana paka kwa kichana cha mwanasesere, na nikaona uso wake ukibadilika. Nilifikiri ameudhika na mzaha wangu. Sasa najua kwamba saa ile alihamisha macho kutoka kwa paka kwenda kwa mtoto. Mzaha wangu huo naujutia mpaka leo.

Jirani yangu, tunayepakana naye ukuta, ni mama Mnubi aliyekwenda Maka. Wote tunamwita Hajati. Nilipomsimulia alishika kiuno. "Yesu yenu nasema hivyo juu ya paka? Kwetu paka naingia msikitini, nalala mbele ya imamu, hakuna mtu napiga kelele." Nikafurahi kusikia. Lakini Hajati huyo huyo, mbwa wa mwenye nyumba akipita karibu na ndoo yake ya udhu, humtupia kandambili na kumwaga maji yote. Na mwenye nyumba, Mkatoliki, anamfunga mbwa huyo mnyororo mfupi hata kukaa chini hawezi, halafu kila asubuhi anakwenda misa. Kila mmoja na dini yake, na kila dini na mnyama wake wa kuonea. Ila sikujua kwamba ukimaliza mnyama, anayefuata ni mtoto.

Turudi kwenye wiki ile. Jumatatu, siku moja baada ya maikrofoni, mkubwa wa mama wa maombi alikuja tena, safari hii na simu mkononi, sauti imefunguliwa kubwa.

"Kuna mtu anataka kusema na weye."

Alikuwa mume wangu. Yuko Nairobi, ana mwanamke mwingine huko. Tangu aondoke na beseni lake hakuwahi kupiga simu hata kuuliza kama mtoto anaumwa au amepona.

"Mupelekeni mutoto," akasema. "Mimi ni baba yake, nimekubali."

"Umekubali nini?" nikamuuliza.

"Maombi. Siku tatu tu. Usilete kichwa ngumu."

"Mtoto wako anasoma darasa gani?"

"Si iko nasari?"

"Yuko la kwanza, na karibu anakwenda la pili. Anajua kusoma jina lako, bahati mbaya hana pa kulisomea."

Mama wa maombi akafunga simu, akaitia kwenye mkoba taratibu. "Baba amekubali," akaniambia. Sauti bado tamu. "Mutoto ni wa baba. Weye ulimubeba tu."

Nilimbeba tu! Na aliyesema hivyo ni yule aliyekuwa pale, aliyenipangusa jasho, aliyeona jinsi nilivyoteseka kumzaa mtoto huyo siku mbili mfululizo. Mwanaume angesema hivyo ningetukana, basi. Mwanamke aliposema nilimfungulia mlango atoke. Nilibaki nimesimama mlangoni mpaka akapotea kwenye kona.

Jumanne ilibidi niende Ggaba, gunia lilikuwa limekwisha. Mtoto nikamwacha kwa Hajati, nikamwambia, "Asitoke." Nikaenda, nikanunua, nikarudi kwa boda na gunia mapajani. Saa nne na nusu nilikuwa langoni. Kwenye mfereji wa maji machafu, pembeni ya lango, kulikuwa na kitu cha rangi ya chungwa. Nilikipita. Akili ilikataa tena, kama Jumapili.

Hajati alikuwa amesimama mlangoni mwake na mwiko mkubwa mkononi.

"Walikuja watatu," akasema. "Mama moja na wanaume mbili. Wao nataka mtoto. Miye nasema, mama yake hayuko, mtoto haendi. Yule mwanaume nasema baba amekubali. Miye nasema, leta huyo baba hapa nimuone sura. Nilifunga mlango na mgongo yangu hii, ee. Sasa paka yako ilikuwa nalala pale kwa mlango yako..."

Hakumaliza. Walimtia paka kwenye gunia tupu la mukene, gunia langu, wakampiga na mchi wangu mwenyewe niliouacha nje ukauke. Mchana kweupe, watu wanapita. Mtoto aliona yote kwenye dirisha la Hajati. Na yule mama wa maombi, baada ya kumaliza, aliinua uso kuelekea dirisha hilo akasema kwa sauti ya kusikika, "Hii ilikuwa nyumba yake tu. Mwenyewe iko ndani pale."

Niliingia ndani. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka wa Hajati, miguu imenyooka. Amevaa viatu vya shule. Begi la shule liko mgongoni, limetuna. Alikuwa amepita kwa mlango wa nyuma mpaka chumbani kwetu, akachukua gauni mbili, mswaki na shuka lake.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kanisani. Paka wamemmaliza, sasa ni mimi." Halafu akasema, kwa mdomo ule wenye kidonda, "Nikienda mwenyewe hawatatumia gunia."

Nimesikia mabomu utotoni mwangu. Nimepita msituni usiku na mama yangu akinifunga mdomo kwa kiganja. Sijawahi kusikia kitu kama sentensi ile. Na aliisema taratibu, kama mtoto anayekuambia amemaliza kazi ya shule.

Nilitaka kwenda kanisani. Nilikuwa nimeshachukua mchi. Hajati, ambaye alizaliwa kambi ya polisi, baba yake polisi, marehemu mume wake polisi, alinishika gauni kwa nyuma.

"Wewe Mkongo, kaa chini! Ukienda huko na hiyo mchi, kesho kesi ni yako wewe, na mtoto nabaki na nani? Kaa. Chukua karatasi. Umesoma mpaka sekondari kwa ajili ya nini?"

Nikakaa. Nikaandika ukurasa mzima: wanyama hawa, wauaji hawa, Mungu atawalipa. Hajati hajui kusoma sana, akaniambia nimsomee. Nikasoma. Akatikisa kichwa.

"Chana. Ukiandika umeumia roho, askari nageuza karatasi. Andika nani, wapi, saa ngapi, nashika nini kwa mkono. Matusi weka kwa mfuko, utarudi nayo nyumbani."

Nikaandika upya mara tatu. Nilikuwa najua kusali kwa saa nne bila kurudia neno, lakini kuandika kitu kilichotokea kama kilivyotokea, hapo nilihangaika kama mtoto wa la kwanza. Kanisani hatusemi hivyo. Kanisani kitu kikitokea kinapewa maana kabla hakijamaliza kutokea.

Tulikwenda polisi sote watatu. Kwenye meza ya mambo ya watoto alikuwapo askari mwanamke, rika langu, amechoka, mbele yake sambusa nusu kwenye gazeti. Alisoma mistari ya kwanza akanitazama.

"Nyabo, mama, leo umeniletea kesi ya paka?"

"Endelea kusoma," nikasema.

"Na baba ya mtoto iko wapi? Yeye nasema nini?"

Hata yeye! Mwanamke, mwenye bunduki nyuma yake ukutani. Nikasema, "Baba yuko Nairobi, amekubali. Mimi niko hapa, nimekataa. Wewe utaandika la nani?"

Alimtazama mtoto, ambaye alikuwa bado amevaa begi. Tangu asubuhi alikataa kulivua.

"Nani alikupangia begi?"

"Mimi mwenyewe."

"Ya kwenda wapi?"

Mtoto akamweleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, na mwisho akamuuliza askari kama kwenye kufunga mtu anaruhusiwa kunywa maji kidogo akisikia kiu sana. Askari aliisogeza ile sambusa pembeni. Alifungua kitabu kikubwa.

"Umewahi kuona mtoto mwingine nafanyiwa hivi hapo kanisani?"

Nilifungua mdomo kusema hapana.

Mwaka juzi. Binti wa mjane mmoja, kama miaka kumi na mbili. Walimweka kwenye chumba nyuma ya jukwaa, tunakotunza ngoma. Sisi kwaya tulikuwa tunafanya mazoezi. Siku ya pili alianza kugonga mlango, si kwa nguvu, anagonga na kusema, "Mama, maji." Hakuwa anamwita mama yake. Alikuwa anatuita sisi, wote tulikuwa mama. Mimi nilikuwa karibu na mlango kuliko wote, na chupa ya maji mkononi. Kiongozi wetu alisema tupandishe sauti. Nilipandisha. Nilikunywa maji yangu, nikafuta mdomo, nikapandisha sauti. Baadaye nilisikia wamehama, nikasema Bwana asifiwe.

Niliyasema yote hayo pale mezani, Hajati akisikia, binti yangu akisikia. Hajati aliinamisha macho. Sikulia. Sikuwa na haki ya kulia.

"Hiyo uandike pia," askari akasema. "Na utie sahihi chini yake."

Niliandika kwa Kiswahili, akasema yeye ataweka Kiingereza chake. Nakala yake ninayo. Nimeondoa majina tu:

*Mimi ni mama wa msichana wa miaka sita. Naishi naye Kisugu.*

*Jumapili, saa saba mchana, ndani ya kanisa, mchungaji alimsukuma mtoto wangu usoni mara tatu. Mara ya tatu alitumia mikono miwili. Mtoto aliangukia spika, akapasuka mdomo. Kidonda kipo, kitazamwe. Mchungaji alitangaza kwamba mtoto ana pepo na atafungiwa siku tatu bila chakula wala maji. Watu wote walisikia, na mimi nilisikia.*

*Jumanne, kabla ya saa nne asubuhi, mwanamke mmoja na wanaume wawili wa kanisa hilo walikuja kumchukua. Jirani yangu alikataa kumtoa. Walimtia paka wetu kwenye gunia wakamuua kwa mchi mbele ya macho ya mtoto. Yule mwanamke alisema pepo mwenyewe yuko ndani ya nyumba, akimaanisha mtoto. Mchi ninao. Sijauosha.*

*Mwaka juzi katika kanisa hilo hilo niliona msichana mwingine amefungiwa chumba cha nyuma ya jukwaa. Aliomba maji. Nilikuwa na maji na sikumpa. Niliimba. Mama yake ni mjane, alihama, sijui alikohamia. Naomba atafutwe na binti yake aulizwe. Akinitaja mimi, nitakuja.*

*Naomba chumba hicho kifunguliwe leo, kwa sababu Jumapili watoto walioambiwa wabaki hawakuwa wangu peke yake.*

*Baba wa mtoto wangu amekubali kwa simu. Mimi ninayeishi naye nimekataa. Naomba kukataa kwangu kuandikwe kwenye kitabu.*